Nilitafuta Bahari Katika Bonde la Rukwa



Mtu atokaye Tunduma kushuka bonde la Rukwa huiacha baridi nyuma yake, akakuta joto na vumbi. Mimi ni karani wa parokia, na kazi hunipeleka huko mara kwa mara pamoja na Padre, kutembelea vigango. Padre akiungamisha, mimi huandika nia za Misa, na nikimaliza huzunguka makorongoni. Ndiko nilikopatwa na ugonjwa wa kuokota mawe, ambao mke wangu anausema sana, maana mifuko yote ya koti langu imetoboka.

Mwaka juzi, baada ya mvua, ukingo wa korongo moja upande wa Kamsamba ulikuwa umeporomoka. Katika udongo mweupe mkavu nikaona magamba ya konokono, mamia kwa mamia, mengine marefu yaliyosokotwa kama parafujo, mengine mapana kama ukucha wa kidole gumba. Ziwa lilikuwa mbali, tena chini sana. Moyo ukaniruka. Sikumwuliza mtu. Jioni ile ile niliwakusanya watoto wa mafundisho, nikawaonyesha, nikasema, "Haya ni makombe ya bahari. Gharika ya Nuhu ilifika hapa!" Watoto wakaduwaa, na wazee waliokuwa wakisikiliza dirishani wakaitikia kwa vichwa.

Padre hakunigombeza. Njiani aliniomba gamba moja, akaligeuzageuza, kisha akauliza kama nimewahi kuinua mawe ya mtoni nikawatazama konokono walio hai. Sikuwahi. Safari iliyofuata nikaingia mtoni, nikainua mawe. Wakatoka konokono wale wale warefu, wazima kabisa, wakitambaa katika maji matamu.

Nikaona haya. Nikamwuliza Padre, "Na Gharika je?" Akanijibu kwamba tangu mwaka 1893 Papa Leo wa 13 alikwisha kufundisha kuwa waandishi watakatifu hawakukusudia kutufundisha elimu ya maumbile, Kitabu cha Mwanzo hakihitaji konokono wa kukiegemeza.

Ndipo nilipoanza kusoma. Kumbe ziwa Rukwa, ambalo leo halina mto wa kulitoa maji, lilikuwa kubwa sana zamani. Kati ya miaka 10,000 na 8,000 iliyopita mvua zilikuwa nyingi, ziwa likapanda zaidi ya mita 150 juu ya lilipo sasa, hata likafurika na kumwaga maji yake katika Tanganyika upande wa Karema. Magamba yangu yaliachwa na ziwa hilo.

Nililiwazika kidogo nilipojua kwamba waliokosea kwa ajili ya konokono ni wengi, tena wakubwa kuliko mimi. Mwaka 1858 Mwingereza Speke aliokota magamba kando ya Tanganyika, na mwaka uliofuata yakaelezwa na mtaalamu huko London. Baadaye baharia Hore, mmisionari wa Kiprotestanti aliyefika Ujiji mwaka 1878, akaokota mengi zaidi. Mapadre wetu Weupe nao hawakubaki nyuma. Katika mwaka 1888 mtaalamu wa Kifaransa Bourguignat aliwapa konokono wa ziwa hilo jina la Lavigeria, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre hao. Jina hilo linatumika hata leo. Mimi sijui Kardinali mwingine aliyepewa konokono!

Sasa magamba hayo ni mazito, yana miiba na matuta, nayo yanafanana mno na ya baharini. Mwingereza Moore alikuja kuyachunguza mwaka 1896, akarudi mwaka 1899, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima kudai kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichofungiwa barani. Haikuwa hivyo. Ziwa lile halikupata kuwa bahari. Lakini lina kaa wenye magando ya nguvu, ambao huwavunja konokono na kuwala. Konokono mwenye gamba jembamba huliwa, mwenye gamba nene husalia na kuzaa, na baada ya vizazi visivyo na hesabu wakawa na ngao kama za baharini.

Basi bahari hujulikanaje? Tafuta ndani ya jiwe kiumbe asiyeweza kuishi katika maji matamu, kama matumbawe. Mawe ya chokaa ya mapango ya Amboni, Tanga, ni ya bahari ya namna hiyo. Na kule Tendaguru, karibu na Lindi, ambako Wajerumani walichimba mijusi mikubwa ya kale kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, tabaka za mifupa zimepishana na tabaka za makombe ya bahari.

Kwetu Songwe mawe mekundu ya Galula yaliletwa na mito. Makombe ya bahari sikuyapata, lakini humo wataalamu wamepata mijusi mikubwa yenye majina ya lugha yetu: Shingopana, aliyetangazwa mwaka 2017, na Mnyamawamtuka, mwaka 2019, kwa jina la mto Mtuka. Ninyi mnaolima huko, mkiona mfupa uliogeuka jiwe, msiuchimbe. Kapigeni habari serikali ya kijiji. Sheria ya mwaka 1964 inavilinda vitu hivyo.

Ilibaki kurudi kwa watoto. Nilikawia miezi miwili, nasema kweli. Hata siku moja nikasimama mbele yao, nikamwaga magamba mezani, nikasema, "Nilikosea. Ni konokono wa ziwa." Mvulana mmoja akauliza, "Basi Mwalimu, nyumba yetu ilikuwa chini ya maji?" Nikamwambia ndiyo. Akatoka mbio.

Kesho yake, nikiwa na daftari langu la nia, bibi yake akaja akiegemea fimbo, kuuliza kama maji hayo yatarudi. Nikamwambia, "Bibi, si leo." Akatoa sadaka yake, akataka Misa ya kuomba mvua, akasimama juu yangu mpaka nilipoandika: mvua ya kiasi.