Harusi ina kamati, kuachishwa kazi je? Kwa nini watu wazima wanahitaji 'jando' jipya

Ukioa, kuna kamati, kuna michango, kuna mshereheshaji. Ukifiwa, majirani wanafunga turubai kabla hujaomba. Lakini ukipunguzwa kazini? Ndoa ikivunjika? Ukihama kwa wazazi na kupanga chumba chako cha kwanza? Hapo kila mtu anajijua mwenyewe.

Ndiyo maana kuna baba anayeachishwa kazi na bado anachomekea shati kila asubuhi, anatoka, anarudi jioni. Hajui atawaambiaje watu kwamba maisha yamebadilika.

Jando na unyago vilikuwa na kazi gani?

Wengi wakisikia jando wanawaza tohara, na wakisikia unyago wanawaza mambo ya chumbani. Hiyo ni sehemu tu.

Mwaka 1909, mtaalamu wa mila Arnold van Gennep alichapisha kitabu nchini Ufaransa akionyesha kwamba mila za aina hii, katika jamii nyingi, zina hatua tatu. Kwanza, mtu anatengwa na maisha aliyoyazoea. Pili, anakaa katikati: si yule wa zamani, na bado hajawa mpya. Tatu, anarudishwa kwa watu akiwa na hadhi mpya.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Vijana walipelekwa kumbini, mwali aliwekwa ndani na kufundwa na kungwi wake. Siku ya kutoka, ngoma ilipigwa na mtaa mzima ukajua: huyu si mtoto tena.

Nini kimepotea?

Siku hizi mvulana anatahiriwa hospitali, mara nyingi akiwa bado mdogo. Kisu kilihamia hospitali, lakini mafunzo hayakuhamia popote.

Kwa wasichana wa mjini, nasaha zimebaki kwenye kichen pati, ambako sare na zawadi zinaweza kumeza muda wote. Na hata hiyo ni kwa anayeolewa tu.

Wakati huohuo, vizingiti vimeongezeka. Kijana anamaliza chuo, anasubiri ajira miaka, anaanza kujitegemea, anabadilisha kazi, anaachana na mwenza, anastaafu. Kila kimoja kinamgeuza kuwa mtu mwingine, lakini hakuna anayemvusha.

Ukitaka kuona tofauti, tazama eda. Mjane wa Kiislamu asiye mjamzito hukaa miezi 4 na siku 10. Eda ni ibada yenye sheria zake, na haimalizi huzuni. Ila kila aliye karibu anajua mwenzao yuko wapi na lini anatoka. Aliyepoteza kazi hana hata hilo.

Mila mpya inaweza kutengenezwa?

Inaweza, na imeshafanyika. Mwaka 1996 huko Tharaka, Kenya, familia zilizokataa kuwakeketa binti zao zilianza utaratibu mpya kwa msaada wa chama cha Maendeleo ya Wanawake na shirika la PATH. Uliitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walitengwa kwa siku kadhaa, wakafundishwa kuhusu miili yao na maisha, kisha wakatolewa kwa sherehe mbele ya jamii.

Kisu kiliondolewa, hatua tatu zikabaki. Hilo ni somo kwetu sote: kurudisha mila si lazima kurudisha madhara yake.

Tuanzie wapi?

Huhitaji ukumbi wala bajeti kubwa. Unahitaji vitu vitatu.

Muda wenye mwisho. Aliyeachishwa kazi apewe, tuseme, wiki 2 za kupumua bila kuulizwa "umepata wapi sasa?" Tarehe ya kutoka ijulikane.

Kungwi. Mtu mmoja aliyewahi kupita hapohapo. Anayestaafu afundwe na mstaafu kuhusu kiinua mgongo na upweke. Anayehamia geto afundwe na aliyetangulia: mkataba wa pango, luku, na namna ya kusema "sina" bila aibu.

Mashahidi. Siku ya mwisho watu wale pamoja, na jambo litamkwe wazi: "Mwenzetu hayupo tena pale kazini. Sasa anaanza hiki." Likishasemwa hadharani, shati la kuigiza halina kazi tena.

Wengine watasema stetasi inatosha. Lakini anayetazama stetasi anaweza kupita kimya. Aliyekula pilau yako na kusikia ukitamka shida yako, kesho ana wajibu wa kukuuliza umefikia wapi.

Na pa kuanzia papo. Vikoba vingi vina daftari lenye mstari wa harusi na mstari wa misiba. Kikao kijacho, pendekeza mstari wa tatu: kuachishwa kazi.