Mwamba Uko Umbali Gani Chini?

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliye Othaya, kwenye miteremko ya Aberdare, huuona Mlima Kenya waziwazi. Barafu iliyosalia kileleni ni kidogo sana, ila zamani ilishuka mbali mabondeni. Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory alikuta marundo ya mawe na kokoto chini sana ya barafu ya wakati wake, akatambua kuwa yaliachwa na barafu iliyoyeyuka.

Lakini marundo hayo yana kina gani kabla ya kufikia mwamba? Kuchimba ni ghali, na keekee hukwama kwenye mawe makubwa. Wataalamu huamua kusikiliza.

Mbinu hiyo ilishatumika kupima barafu yenyewe: kwa barafu ya Lewis ya Mlima Kenya, watafiti Bhatt, Hastenrath na Kruss walichapisha mwaka 1980 vipimo vya unene walivyopata kwa mitetemo na kwa nguvu ya uvutano. Wimbi huanzishwa juu, likashuka, likagonga mwamba na kurudi. Ndani ya barafu hukimbia karibu mita 3,700 kwa sekunde. Likirudi baada ya sehemu 16 za elfu za sekunde, mwamba uko mita 30 hivi chini. Bila unene, huwezi kujua barafu imepungua kwa ujazo gani. Vipimo vya 2010, safari hiyo kwa rada, vilionyesha kuwa Lewis imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake tangu 1934.

Kwa udongo na kokoto kuna njia isiyohitaji kuanzisha wimbi lolote, iliyoenezwa na Mjapani Yutaka Nakamura mwaka 1989. Ardhi hutetemeka saa zote kwa upepo, malori na hata mawimbi ya bahari. Chombo kimoja hulinganisha mtikisiko wa kwenda kando na ule wa juu-chini. Udongo laini uliolalia mwamba mgumu una mtikisiko wake maalumu, na kadiri ulivyo mnene ndivyo unavyotikisika polepole. Mawimbi yakipita humo kwa mita 200 kwa sekunde, na udongo ukatikisika mara 2 kwa sekunde, gawanya 200 kwa mara nne ya 2, yaani 8: kina ni mita 25.

Othaya yenyewe haikufikiwa na barafu. Udongo wake mwekundu umetokana na miamba ya volkano iliyooza, hivyo mpaka kati ya udongo na mwamba hauko wazi kama chini ya kokoto za barafu, na jibu la chombo huwa na ukungu. Hata hivyo, katika nchi ya miteremko ambayo mvua za masika huleta maporomoko, kipimo hicho kinafaa kufanywa kabla ya kukata barabara. Kisima kimoja kilichofika kwenye mwamba kingetosha kusahihisha hesabu, kisha chombo kingebebwa kutoka tuta hadi tuta.