Bronco haijakatwa: soma hapa kabla hujawasha grinda



Ukipekua matangazo ya kuuza magari ya kizamani huko Marekani, hasa Ford Bronco za 1966 hadi 1977, utaona wauzaji wengi wanaringia kitu kimoja kabla hata ya kutaja injini: gari halijakatwa. Asiyejua atadhani ni gari ambalo halijawahi kupata ajali. Siyo hivyo. Maana yake ni kwamba bati la juu ya tairi za nyuma liko vile vile lilivyotoka kiwandani. Basi! Na kwa hilo tu, bei inapanda kwa maelfu ya dola. Leo tuongelee kwa nini, maana kuna somo kwa yeyote anayeota kufufua gari la zamani.

Bronco ni gari gani?

Ford waliitoa kama modeli ya 1966 ili ishindane na Jeep CJ-5 na International Scout. Ilikuwa fupi, inchi 92 tu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, inavuta magurudumu yote manne. Bodi ilinyooka, vioo bapa, yote hayo ili iwe rahisi kutengeneza. Zilikuwa aina tatu: yenye paa zima, yenye paa la mbele tu na nyuma wazi kama pikapu, na ile isiyo na paa wala milango. Zilianza na injini ya silinda sita, V8 ikaongezwa mwaka huo huo wa 1966. Mpaka zinakoma 1977 zilikuwa zimetoka kama 225,000 hivi. Bronco ya 1978 ilikuwa kubwa zaidi, gari jingine kabisa.

Sasa kwa nini walizikata?

Tairi za kiwandani zilikuwa ndogo. Kijana wa miaka ya 1970 au 1980 akishapata Bronco ya mkono wa pili anataka apite kwenye matope na mawe, kwa hiyo anataka tairi kubwa. Mbele kuna nafasi kiasi. Nyuma ndiyo balaa, uwazi ni mdogo, tairi likiruka linakwangua bati. Dawa ilikuwa moja: chukua msumeno, kata, halafu funika makali kwa madigadi ya faiba. Saa chache tu kazi imekwisha.

Na tusiwacheke, maana waliowaiga walikuwa mashujaa. Kwenye mbio za jangwa la Baja huko Mexico, Larry Minor na Rod Hall walishinda 1969 kwa Bronco, kisha Parnelli Jones akashinda 1971 na 1972 na gari lake maarufu la Big Oly, lililokuwa na sura ya Bronco ila limejengwa upya kwa ajili ya mashindano. Big Oly liliuzwa mnadani 2021 kwa zaidi ya dola milioni 1.8! Kuna na Baja Bronco za Bill Stroppe, zilizouzwa kupitia Ford kuanzia 1971 zikiwa zimeshakatwa na kuvishwa madigadi mapana. Hizo nazo leo ni lulu. Lakini kumbuka, hizo zilikatwa na wenyewe, zina historia. Iliyokatwa na jamaa nyuma ya nyumba yake ni habari nyingine.

Wakati ule Bronco ilikuwa gari kuukuu la bei chee. Hakuna aliyewaza kwamba miaka 40 baadaye bati lile lingetafutwa kama dhahabu.

Adui mwingine: kutu

Kama msumeno haukuila, kutu iliila. Majimbo yenye baridi huko Marekani humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula bati kwa chini. Sakafu inaoza, chini ya milango kunaoza, hata chesisi inaweza kutoboka. Ndiyo maana gari lililokulia majimbo makavu kama Arizona linagombaniwa.

Hapa kuna kisa kinachotugusa Waafrika. Mmoja wa waliochora michoro ya mwanzo ya Bronco, 1963, ni McKinley Thompson, mbunifu wa kwanza mweusi kuajiriwa na Ford. Baadaye aliwaza gari la bodi ya plastiki, lisilo na bati la kuoza, ambalo nchi za Afrika zingeweza kujitengenezea zenyewe. Ford hawakuliingiza kwenye mipango yao, lakini yeye akalijenga moja kwa juhudi zake, akaliita Warrior. Leo liko kwenye makumbusho ya The Henry Ford, Michigan.

Kipi ufanye, kipi uache

Kanuni ni rahisi: kinachofungwa kwa nati kinarudi, kilichokatwa hakirudi.

1. Breki. Mbele zilikuwa za drami mpaka 1976 zilipowekwa diski. Kuhamishia diski ni jambo la usalama, usisite. Tairi kubwa kwenye breki za drami maana yake gari linachelewa kusimama.

2. Usukani wa pawa. Ulianza kupatikana 1973. Unafungwa kwa bolti, weka.

3. Kunyanyua gari. Inchi mbili na nusu hivi na tairi zisizozidi inchi 30 zinatosha wengi bila kukata kitu. Ukizidisha, gari fupi namna hii linapinduka kirahisi na usukani unaanza kutikisika. Na spidomita itakudanganya, tairi kubwa inafanya isome pungufu ya mwendo halisi.

4. Spea ulizotoa usitupe! Ziweke kwenye boksi, andika kila moja ilitoka wapi. Atakayenunua baadaye atakulipa.

5. Kama unanunua iliyotangazwa kwamba haijakatwa, usiamini picha. Ingia chini, pitisha mkono ndani ya uwazi wa tairi utafute alama za kuchomelea. Chukua sumaku, isiposhika vizuri ujue hapo kuna puti nene. Angalia na namba ya chesisi: kwa magari haya U15 ni yenye paa zima, U14 ni pikapu, U13 ni ile isiyo na milango. Wapo wanaong'oa milango ya U15 na kuiuza kama U13, ambayo ni adimu zaidi.

Ndiyo, vipande vipya vya bati vinauzwa, hata bodi nzima mpya zipo. Lakini hapo unalipia bati, kuchomelea, kunyoosha na rangi, ili urudi pale alipokuwa mwenzako ambaye hakukata.

Na kama yako ilishakatwa zamani? Usilie. Hiyo ndiyo ya kufanyia utundu wako wote: weka tairi kubwa, badilisha injini, nenda kwenye matope. Hakuna tena cha kuharibu. Ila ukikuta nzima, iache nzima.

Haya wadau, ingekuwa yako ungekata au ungeacha? Uwanja ni wenu.