Mwanahistoria wa Sinema ya Kongo: Guido Convents (Sehemu ya 2)

Katika sehemu ya kwanza tuliwaacha Francis Ramirez na Christian Rolot, waliochapisha Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1985 historia nene ya sinema ya kikoloni ya Zaire (Kongo ya leo), Rwanda na Burundi. Hao walimfuata mshika kamera. Mbelgiji Guido Convents akamgeukia mtazamaji.

Kitabu chake cha 1986 kilishughulikia filamu za mwanzo kabisa barani Afrika, kuanzia 1897 hadi 1918. Mwaka 2006 akatoa *Images et démocratie*, juu ya Wakongomani na sinema. Baadaye akaandika pia juu ya Rwanda, Burundi na Msumbiji. Alikuwa mtu wa SIGNIS, shirika la Kikatoliki la mawasiliano lililozaliwa 2001 shirika la sinema la OCIC lilipoungana na lile la redio na televisheni, Unda, hivyo makaratasi ya wamisionari hayakumtisha wala kumlevya.

Nasi wa Kasongo na Kabambare, huku Maniema, tunahusikaje? Katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, Maniema ilikuwa ndani ya mkoa wa Kivu, na wamisionari wa Mapadri Weupe walitengeneza filamu zao Bukavu, padri Roger De Vloo akiwa miongoni mwa watengenezaji. Tangu 1945 Mwafrika hakuruhusiwa kuonyeshwa filamu hadharani kabla tume ya serikali haijaikagua. Zilizopitishwa zilikuwa za usafi, za dini, za vichekesho. Kandokando ya mashine alisimama mkalimani, akiwasimulia watu kwa lugha yao, naye hakufungwa na maandishi ya padri: aliweza kutia utani, kurefusha kisa, hata kuyaruka mahubiri. Kwa mtazamaji, filamu ilikuwa nusu yake mkalimani huyo.

Hapa namwona Convents amepungukiwa, ingawa kosa si lake peke yake. Faili humwonyesha nani alikatazwa nini, na kwa nini; kicheko cha watu hakikuandikwa faili. Utepe unaweza kuhifadhiwa Ubelgiji miaka mia, sauti ya mkalimani haimo.

Kijana wetu anayetaka kuwa mhakiki wa sinema asianze kwa kutafuta viza. Aanze kwa wazee. Awaulize mkalimani alikuwa nani, wanawake walikaa wapi, picha gani ilirudiwa kwa kelele za watu. Tena Kasongo ni mji wa Waislamu tangu enzi ya mfanyabiashara wa Zanzibar Tippu Tip na mwanawe Sefu, kabla ofisa wa Kibelgiji Dhanis hajauteka Aprili 1893. Je, waliotoka msikitini walikwenda kutazama sinema ya padri? Wakienda, walicheka palepale walipocheka Wakristo?