Kiti Kimoja, Wadai Wawili



Ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo wanaijua siasa ya jirani kwa hesabu ya kuni. Mnamo Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24, wakatua Benaco. Miti iliyoizunguka kambi ikaishia mafigani. Miongoni mwao walikuwamo wanyonge, na walikuwamo pia waliotoka kuwaua Watutsi.

Waliopanga mauaji yale wanabeba dhambi yao. Lakini fitna ilipata mlango katika swali linaloonekana dogo: nani kiongozi halali wa chama?

Mkataba wa Arusha wa Agosti 4, 1993 uligawa wizara 21: MRND 5, RPF 5, MDR 4, PSD 3, PL 3 na PDC 1. Waziri mkuu angetoka MDR, naye ni Faustin Twagiramungu. Kumbe mwezi Julai mkutano wa chama chake ulikuwa umekwisha kumfukuza na kumteua Jean Kambanda! PL nacho kikapasuka, kila upande ukidai viti. Januari 5, 1994 Rais Habyarimana akaapishwa. Serikali ya pamoja haikuapishwa.

Je, wanachama hawana haki ya kumwondoa kiongozi? Wanayo. Abubakar (R.A.) alipopewa baia aliwataka watu wamnyooshe akipotoka. Ila kiti cha serikali ya pamoja ni amana ya wote waliotia saini, na chama kimoja hakiwezi kukigeuza kwa ugomvi wa nyumbani kwake. Pale Hudaibiya, Abu Jandal alikuja na minyororo miguuni akiomba hifadhi, na Mtume (S.A.W.) akamrudisha, kwa kuwa ahadi na Makureshi ilikwisha kufungwa. Masahaba waliumia mno. Mkataba ukabaki.

Wadai wale wawili wa MDR wote walikalia kiti. Kambanda aliapishwa Aprili 9, 1994, mauaji yakiendelea. Twagiramungu Julai 19, nchi ikiwa kaburi. Mwaka 1998 Kambanda alihukumiwa kifungo cha maisha, katika mji uleule wa Arusha.