Kumwachisha mtoto ziwa polepole

Mama wa Ikombe anayepeleka vyungu vyake kwa mtumbwi hadi Matema hushinda mbali na nyumbani siku ya soko. Ndipo hushauriwa: paka pilipili kwenye chuchu, au mpeleke mtoto kwa bibi yake wiki mbili, atasahau. Ni kweli atasahau. Lakini siku hiyohiyo amepoteza chakula alichokizoea pamoja na mama yake. Hulia, hukataa uji, na akiharisha hudhoofika upesi. Mara nyingi kwashiakoo huanzia hapo. Jina hilo limetoka Ghana, nalo humtaja mtoto anayeugua baada ya mdogo wake kuzaliwa.

Mtoto huanza vyakula vingine akitimiza miezi sita, na huendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Wakati wa kuacha ukifika, ondoa zamu moja tu ya kunyonya, ya mchana kwanza. Badala yake mpe uji uliotiwa karanga au usipa uliosagwa, au ndizi za kupondwa. Ngoja siku kadhaa ndipo uondoe nyingine. Ya usiku iwe ya mwisho. Mtoto akiugua, simama kwanza.

Maziwa yakijaa na kuuma, kamua kidogo upate nafuu, usiyamalize. Titi likiwa jekundu na ukapata homa, nenda zahanati.

Na mimba je? Maziwa ya mama mjamzito hayaharibiki wala hayamdhuru mtoto. Kwa kawaida hakuna sababu ya kumkatiza ghafla. Ila mama ale zaidi. Baba naye, mtoto akilia usiku, ambebe yeye.