Kirikuu: Utangulizi kwa Anayeanza

Asubuhi pale Porte de Namur, kabla mtaa wa Matonge wa Brussels haujachangamka, magari hushusha ndizi na samaki wa kukaushwa mbele ya maduka ya Chaussée de Wavre. Mengi ni mavani marefu ya Kizungu. Likisimama moja, nyuma foleni. Mgeni aliyezoea soko la Kariakoo, Dar es Salaam, huuliza: huku kirikuu ziko wapi? Swali zuri. Tuingilie hapo.

Kirikuu ndilo jina la Watanzania kwa lori dogo la Kijapani: Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, Honda Acty, Subaru Sambar. Kwao Japani limo katika daraja la kei, yaani magari mepesi yanayotambuliwa na sheria na kupewa nafuu ya kodi. Nakuomba tuanze na sheria hiyo, tuache injini kwanza. Wengi hudhani hili ni lori la kawaida lililopunguzwa. Sivyo. Vipimo vilitangulia, gari likafuata: tangu 1998, urefu usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, kimo mita 2, mzigo kilo 350, na injini sisi 660. Sisi ni kipimo cha nafasi ndani ya silinda, yaani matundu ambamo mafuta huungua. 660 ni theluthi mbili tu za lita. Daraja lenyewe lilianza 1949, na injini ikaruhusiwa kukua kidogo kidogo: 360, kisha 550 mwaka 1976, kisha 660 mwaka 1990.

Ukishavielewa vipimo, mengine yanajieleza. Mhandisi aliyepewa mita 3.40 hawezi kutenga mita nzima kwa boneti. Kwa hiyo dereva huketishwa mbele kabisa, na bodi, yaani sehemu ya kubebea mzigo, hubaki na karibu mita 2. Kuta zake huangushwa pande tatu, ukapakulia ubavuni hata kwenye uchochoro. Mimi hapo ndipo ninapovua kofia.

Injini basi iwekwe wapi? Suzuki na Daihatsu waliiweka chini ya viti. Honda waliisogeza chini ya bodi, na Subaru waliipeleka nyuma kabisa, mpaka walipoacha kuunda Sambar yao mwaka 2012. Usidhani ni ubishi wa mafundi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na lori tupu huwa jepesi nyuma, hivyo huteleza kwenye tope. Uzito wa injini ukiwa huko, matairi yanang'ang'ania ardhi.

Faida hizo zina gharama. Magoti ya dereva yako karibu mno na kitakachogongwa. Na kilo 350 ni mifuko saba ya saruji. Unaowaona wakipakia kumi na tano wanakopa kwenye breki na springi, na deni hilo hudaiwa mteremkoni.

Sasa turudi Porte de Namur na lile swali: mbona kirikuu hazionekani huko? Kirikuu nyingi zina usukani wa kulia, ilhali Ubelgiji huendesha upande wa kulia wa barabara. Kuna pia idhini za Ulaya ambazo gari sharti lizipate, na tangu 2018 Brussels huzuia magari yenye moshi mchafu. Jamaa wa karibu wa kirikuu huku ni Piaggio Porter, iliyoanza kuundwa Italia miaka ya 1990 kwa msingi wa Hijet.

Kama nia yako ni kumnunulia kirikuu ndugu aliye Goma au Bukavu, huko Kongo, usiitafute bandarini Antwerp. Itoe Japani, ipitie Dar es Salaam au Mombasa, ila kwanza hakikisha usukani wa kulia unakubaliwa kusajiliwa kule. Kisha, kabla hujalipa, omba picha za chini ya gari: Kaskazini mwa Japani barabara za theluji hunyunyiziwa chumvi, na kutu huanzia kwenye fremu, mahali ambapo rangi mpya ya bodi haifiki.